Bati Linaondoka na Mwenye Uso: Maneno kwa Wenye Studio na Vijana wa Kamera, Jinja

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu mliotutangulia katika kazi hii ya picha, shikamooni. Mama zangu, na nyinyi vijana mliokuja na kamera shingoni, hamjambo. Nimeombwa nieleze kwa nini mtu mwenye akili timamu, wakati huu ambao kila mfuko wa suruali una kamera, anahangaika na dawa za karne ya 19 ili apate picha moja juu ya kipande cha bati. Nitaeleza, ila sikuja kuwauzia uzee. Anayetaka picha yenye sura ya kale tu, simu yake ina programu ya kuipaka rangi ya kahawia kwa kubofya mara moja, na haitamnukia dawa ya etha nyumba nzima.

Kilichonivuta kwenye tintaipu, yaani picha ya bati, ni kwamba haina negativu, ile picha ya kinyume inayobaki kwa kuzalishia nakala. Bati lililoingia ndani ya kamera ndilo hilohilo mteja analoondoka nalo. Hakuna kinachobaki droo ya mpiga picha. Ukilipoteza limepotea, ukilificha limefichika, na anayetaka kuliona lazima akuombe wewe mwenye uso. Katika nchi yetu jambo hilo lina uzito wake, na naomba mnivumilie nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 1860 Speke na Grant, wale wavumbuzi wa Uingereza, walipoanza safari yao Zanzibar, Grant alikuwa na kamera, na picha alizopiga kule ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za kisiwa kile. Walipoingia bara, kazi ikawashinda. Speke mwenyewe ameandika kwamba joto la kile kihema alichotayarishia sahani zake lingemuua Grant haraka sana. Picha zikaachwa, Grant akashika penseli. Basi walipofika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1862, na Speke aliposimama hapa kwetu tarehe 28 Julai mwaka huohuo akiyatazama maji ya Nile yanavyotoka ziwani, dunia iliambulia michoro. Yale maporomoko aliyoyaita Ripon nayo yakaja kumezwa na maji ya bwawa la Owen Falls mwaka 1954.

Akaja mvumbuzi mwingine, Stanley, mwaka 1875, na yeye akafaulu. Alimpiga picha Mutesa akiwa na wakuu wake. Lakini kazi ile ilisafiri na aliyeipiga. Kumbukumbu za Stanley leo zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Afrika ya Kati. Uso ni wa Buganda, makabati ni ya Ubelgiji. Waliomfuata, wamisionari kwa maafisa, wengi wao walifanya vivyo hivyo: anayepiga anaondoka na negativu, aliyepigwa anabaki na kumbukumbu ya kusimama juani.

Na sisi wenye studio tusijitoe. Ni studio ngapi za nchi hii zilizofungwa, kodi ikishinda au mzee akifariki, na maboksi ya negativu za watu yakaishia jalalani au jikoni kuwashia moto? Wapo wanaojitahidi kuokoa. History in Progress Uganda wamekuwa wakikusanya picha za makabati ya watu na kuziweka mtandaoni, na mimi nawapigia makofi. Hata hivyo ni kazi ya kuokota kilichomwagika. Tintaipu inalimaliza suala hilo hapohapo kwenye kiti.

Historia ya dawa zenyewe nitaipitia mbio. Mwingereza mmoja, Frederick Scott Archer, mchonga sanamu, alichapisha njia ya kolodioni, dawa ya kunata inayomwagwa juu ya kioo ili kishike picha, mwaka 1851 bila kujiandikia hataza, watu wakatajirika kwayo, yeye akafa maskini mwaka 1857. Mwaka 1853 Mfaransa Adolphe-Alexandre Martin akaonyesha kwamba badala ya kioo unaweza kutumia bamba la chuma lililopakwa rangi nyeusi, na mwaka 1856 Hamilton Smith wa Ohio akapewa hataza ya jambo hilo Marekani. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, ndivyo vilivyoifanya itapakae, kwa sababu bati halivunjiki: askari alilitia ndani ya bahasha akalituma kwa mama yake. Ilikuwa picha ya watu wa chini, ya bei ndogo, ya kupigwa na mtu mwenye gari la farasi au kibanda kwenye viwanja vya maonyesho. Wenye fedha walikwenda kwingine. Mimi hilo linanipendeza.

Sasa kazi yenyewe. Wale wa zamani walitumia chuma chembamba. Mimi natumia alumini iliyopakwa rangi nyeusi, ileile wanayochongea majina kwenye ngao za mashindano ya shule. Bati ni jeusi kabisa kabla ya kuanza, na hapo ndipo siri ya picha nzima ilipo. Madini ya fedha yatakayobaki juu yake yana rangi ya maziwa. Palipopata mwanga fedha inajaa, panakuwa peupe. Pasipopata mwanga hakuna kitu, unaona weusi wa bati lenyewe. Kwa maneno mengine ni negativu, ila imelazwa juu ya giza ikageuka kuwa picha.

Unaanza kwa kumwaga kolodioni. Hii ni pamba iliyopitishwa kwenye asidi ikayeyushwa ndani ya etha na spiriti, kisha ikatiwa chumvi za iodini na bromini. Unalishika bati kwa ncha za vidole, unamwaga katikati, unaliinamisha liende kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kona ya nne unairudisha ziada ndani ya chupa. Mkono ukisita, alama ya kusita itaonekana kwenye paji la uso wa mteja milele. Ikianza kunata, unaingia chumba cha giza, taa nyekundu tu, unalizamisha bati ndani ya maji ya nitreti ya fedha kwa dakika tatu hivi. Linatoka na utando wa rangi ya krimu. Sasa linaona.

Na linaona likiwa majimaji tu. Likikauka limekufa. Vitabu vya Ulaya vinakupa kama dakika 10 kutoka kwenye fedha, kupitia kamera, hadi kuisafisha picha, yaani kuitoa sura kwa dawa. Kwa joto la mchana la hapa msizitegemee zote. Ndiyo maana chumba cha giza hakiwezi kuwa mtaa wa pili, kinakuwa hatua chache kutoka kwenye kiti, na ndiyo maana yule Grant aliteseka ndani ya hema. Etha yenyewe inachemka karibu na nyuzi 35, kwa hiyo chupa ikifunguliwa juani, nusu ya dawa inaondoka na upepo. Dawa ya kusafishia nayo inakimbia kwenye joto. Dawa kuu ndani yake ni salfeti ya chuma, ileile ambayo akina mama wajawazito wanapewa vidonge vyake kliniki kuongeza damu. Tunaichanganya na asidi ya siki na spiriti kidogo. Kwa Jinja naongeza siki, napunguza chuma, na chupa inakaa kwenye beseni la maji ya mtungi. Unamwagia mara moja, bila kurudia, unahesabu kama sekunde 15, ukiona sura imeanza kuchomoza unaizima kwa maji mengi.

Kisha inakuja hatua ambayo kila mteja namwita aione, kwa sababu taa inaruhusiwa kuwashwa. Bati liko na ukungu wa buluu, sura imegeuka, nyeusi ni nyeupe. Unalitia ndani ya dawa iitwayo haipo (hypo), inayoondoa chumvi za fedha zisizopata mwanga. Ukungu unafumuka kuanzia pembeni, na uso unakuja mbele. Nimeona wazee wenye heshima zao wakipiga kelele. Baadaye ni kuosha sana, kukausha juu ya kitaa cha spiriti, na kupaka vanishi ya utomvu wa sandaraki yenye mafuta ya lavenda, maana fedha iliyoachwa wazi itafifia na kukwaruzika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wenye studio wa Uganda mnapaswa kunisikiliza hata kama mengine yote mtayasahau: rangi ya ngozi.

Kolodioni haioni kama macho yetu. Inaona mwanga wa buluu, wa urujuani, na ule ulio nje ya urujuani ambao sisi hatuuoni kabisa. Nyekundu na njano kwake ni giza. Ngozi nyeusi kazi yake, aliyoipewa na Muumba, ni kuumeza mwanga huohuo wa urujuani. Kwa hiyo ngozi ya kahawia inatoka nyeusi zaidi ya unavyoiona barazani. Vitabu vya zamani vimeandikwa na watu waliokuwa wakipiga ngozi nyeupe, kwa jua la London au New York. Ukizifuata sekunde zao kwa mtu wa hapa utapata kola nyeupe inayoelea hewani na meno. Halafu utasikia mtu akisema, ah, njia hii haiwafai Waafrika. Upuuzi mtupu. Hesabu ndiyo ilikuwa ya mtu mwingine.

Mpe mteja wako muda zaidi. Pima kwenye shavu, si kwenye kanzu. Kanzu ikiungua na kuwa nyeupe tupu, iache iungue, hakuna aliyekuja kupiga picha ya kanzu. Leta mwanga kutoka ubavuni, usitoke mbele, ili mfupa wa shavu, kingo za pua na paji la uso viwe na mng'ao. Na poda weka mbali. Zile studio zenye tabia ya kumpaka mteja poda au kumsafisha rangi kwenye kompyuta mpaka anafanana na mgonjwa, hapa zitakwama. Mpake Vaseline kidogo. Ngozi yenye mafuta inaurudisha mwanga kama ulivyo, na kwenye bati inatoka fedha halisi. Sijaona karatasi wala kioo cha simu kinachoitendea ngozi ya mzee wa miaka 80 haki kama hivyo. Kila mkunjo una ukingo wake. Alama za chale, kwa walio nazo, zinasimama kwa sababu zina kivuli chake.

Wino ni habari nyingine. Kule New Zealand picha za kolodioni za karne ya 19 ziliwapiga Wamaori wenye michoro ya heshima usoni, na michoro mingine ikatoweka kwenye picha, kwa kuwa wino wa buluu na kijani unaonekana mweupe. Mtu alikaa na uso wa ukoo wake akarudishiwa uso mtupu. Kwa hiyo kijana mwenye tatuu, mwambie mapema.

Nguo nazo zina vituko. Jezi nyekundu ya Arsenal inatoka nyeusi. Ya Chelsea inatoka kama imefuliwa kwa jiki. Gomesi, lile gauni la heshima la mama zetu, ya njano iliyonunuliwa kwa mamilioni kwa ajili ya kuhingira, sherehe ya kumwaga bibi harusi, itakuwa nguo ya msiba. Na msimpige mtu amejifunika bendera yetu akitarajia uzalendo: nyeusi, njano na nyekundu, zote tatu ni nyeusi kwa kolodioni, mtabaki na lile duara jeupe la korongo katikati.

Mwanga wa hapa ni baraka ukiujua. Saa sita mchana jua liko utosini, macho ya mteja yanakuwa mashimo mawili. Saa moja asubuhi jua ni la dhahabu, zuri kwa macho, lakini urujuani wake ni mdogo, utasubiri sana. Mahali penye heri ni yale mabaraza ya maduka ya zamani ya Main Street. Paa limezuia jua la juu, mtaa mzima mbele unarudisha mwanga wa mbingu kutoka upande mmoja. Wahindi waliojenga pale walikuwa wakifikiria mvua na wateja, lakini waliwajengea wapiga picha studio bila kujua. Mteja anakaa na bega likielekea mtaani, unafungua mfuniko wa lenzi, unahesabu sita, saba, nane kwa kadiri ya mawingu. Kupepesa macho hakuharibu kitu, ni kufupi mno. Kichwa ndicho kisisogee. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea fimbo ya chuma yenye kishikio cha kuegemeza kisogo, isiyoonekana mbele. Msimwambie mteja atabasamu. Tabasamu la sekunde nane linakuwa la uongo likifika ya tatu.

Jambo jingine, picha inatoka imegeuka kama kwenye kioo. Mteja hulitazama bati akasema ndiye mimi, kwa sababu hivyo ndivyo anavyojijua kila asubuhi. Mke wake hulitazama akasema kuna kitu hakijakaa sawa. Wote wawili wako sahihi. Marekani kuna picha ya jambazi aitwaye Billy the Kid, iliyopigwa karibu 1880, ambayo mnunuzi alitoa dola milioni 2.3 kuipata kwenye mnada mwaka 2011. Kwa miaka mingi watu waliapa kwamba alikuwa mwenye kutumia mkono wa kushoto, kumbe ni bati tu limemgeuza, bastola ikahamia upande wa pili. Kwenu nyinyi, vifungo vya gomesi vitahama bega, na pete ya ndoa itahama mkono. Mwelezeni mteja kabla mchungaji hajauliza.

Sasa hatari, na hapa sitanii. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni ukitafuta moto. Sigiri ya jirani anayechoma gonja, zile ndizi za kuchoma, iliyo nje ya mlango inatosha. Hakuna sigara, hakuna sigiri, na mlango uwe wazi wakati wa kumwaga. Etha vilevile imo kwenye orodha ya kimataifa ya kemikali zinazodhibitiwa kwa sababu ya watengeneza dawa za kulevya, kwa hiyo inunue kwa karatasi halali na ujibu maswali kwa upole. Nitreti ya fedha inatia vidole weusi usiotoka kwa sabuni, hilo ni dogo. Tone likiingia jichoni linaweza kulipofua. Miwani ya fundi ni bei ya soda chache, ivaeni.

Wazee wa zamani walimalizia picha kwa sianidi ya potasiamu, na wapo mafundi wa Ulaya na Marekani wanaoitumia hadi leo wakisema inatoa weupe wenye joto zaidi. Ni kweli inapendeza. Mimi nimekataa isiingie chumbani kwangu. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya kuua, na dawa yetu ya kusafishia imejaa asidi ya siki. Wanaotoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Busia wanaijua sianidi kuliko mimi, waulizeni. Haipo inafanya kazi ileile, inataka kuoshwa kwa muda mrefu zaidi tu.

Na maji machafu msiyamwage mtaroni. Mtaro wa Jinja unajua njia ya ziwani, na samaki hawapendi fedha ingawa sisi tunaipenda. Maji yenye nitreti yatieni chumvi ya mezani, fedha itashuka chini kama maziwa yaliyoganda, ichujeni mwiweke. Haipo iliyotumika itieni sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, iacheni siku kadhaa, fedha itahamia pale. Ikijaa ndoo, wapo wasafishaji wa madini watakaoipokea.

Kijana mmoja ameniuliza hapa nje kama kuna biashara. Kwa ukweli, haitachukua nafasi ya picha za paspoti wala harusi, na atakayewaambia hivyo ana mashine anataka kuwauzia. Bati moja linakula nusu saa na dawa ghali. Lakini studio yenye siku moja kwa wiki ya mabati itapata watu: familia inayotaka mzee wao apigwe mara moja vizuri, wanandoa, mtalii mmoja mmoja. Kwa watalii nina sharti. Wakitaka kuwavalisha watu wetu magome na mikuki ili bati lionekane la enzi za Speke, waambieni kamera imeharibika. Mtu aje na nguo zake, simu yake mfukoni, kofia ya boda boda mapajani kama ndiyo kazi yake.

Mtasema, lakini mteja anaweza kulipiga bati lake picha kwa simu akalirusha WhatsApp, na hapo ile habari ya nakala moja imekwisha. Sawa. Ila tazameni nani amebofya. Anayeamua ni yeye, si mimi, na si jumba la makumbusho. Mimi sharti langu ni kwamba silipigi bati la mtu bila yeye kuniruhusu, hata kwa tangazo la studio, na akikataa sinung'uniki. Hapo ukutani mnaona misumari mitupu. Mabati yaliyotakiwa kuning'inia pale yako majumbani mwa watu, Walukuba, Bugembe, mengine yamevuka daraja hadi Njeru.

Kesho saa tatu asubuhi tutakuwa barazani na kamera, mawingu yakiruhusu. Wazee kwanza, kwa sababu hawatikisiki. Watoto wa chini ya miaka mitano wabaki na picha za simu. Njooni na nguo zenye tofauti ya giza na mwanga, mkumbuke niliyosema juu ya njano. Na mwenyekiti, ile beji ya ushirika uliyoniuliza, njoo nayo kifuani mzee wangu, ila maandishi yake yatasomeka kinyumenyume. Maswali sasa.